Sanduku la Bomba Nililomtengenezea Mama

Kabla ya yote utanisamehe kwa herufi zangu. Mkono wangu umezoea kuandika vipimo kwenye mbao kwa ile penseli bapa ya fundi, na sasa haukubali kufuata mistari ya karatasi. Shule niliachia darasa la nane, na maneno mengine nayaandika vile ninavyoyasikia watu wakiyasema. Ukikuta neno limekosewa, lisome kwa sauti, utalijua. Naandika polepole. Nilianza maneno haya mama akiota jua nje, na sasa ameshaingia ndani na ninasikia akivuta kiti.

Nataka kueleza jinsi nilivyotengeneza sanduku la mbao lenye bomba, la kubebea na kumwagia muratina. Muratina ni ile pombe ya asali inayochachushwa kwa vipande vya tunda lililokaushwa. Mama yangu ameipika tangu nikiwa mdogo. Hakuwa anaiuza barabarani. Aliipika watu walipokuwa na shughuli, harusi au posa, na hapa Burat, nje ya mji wa Isiolo, watu wanamjua kwa hiyo.

Mama alipata kiharusi wakati wa kiangazi. Alikuwa anakoroga uji, mwiko ukamtoka mkononi, akauangalia pale chini kama umeangushwa na mtu mwingine. Alikaa hospitali, akarudi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu kidogo, mkono kabisa. Siku tuliyomrudisha nyumbani nilienda karakana nikapiga randa ubao wa kitanda mpaka ukawa mwembamba kama kadibodi. Fundi wetu mkuu aliuinua juu akauangalia kwa mwanga.

"Hiki kitanda ni cha kuku?" akauliza.

Wenzangu walicheka. Nilichukua ubao mwingine nikaanza upya. Watu walinipa pole siku hizo, nami nilijibu asante, na sauti yangu niliisikia kama redio ya jirani. Sikulia. Nilingoja kulia, kama vile unangoja chafya, haikuja.

Kaka yangu mkubwa anaendesha lori la kubeba mbuzi kutoka soko la Oldonyiro. Kabla mama hajaugua alikuwa amepata msichana, na siku ya kwenda kwao kuposa ilikuwa imeshakubaliwa. Kwao ni upande wa juu, pale baridi inapoanza ukipanda kuelekea Meru. Ndipo shida ilipotokea.

Kwetu pombe ya posa inatoka kwa kijana, na anayeimwaga mara ya kwanza ni mama yake. Anashika kibuyu kikubwa, mkono wa kulia ukiwa kwenye shingo yake, baba ya msichana anakinga pembe ya ng'ombe, na mama anamjazia. Baada ya hapo mtu yeyote anaweza kumwaga. Lakini pembe hiyo ya kwanza ikimwagwa na mtu mwingine, watu wanaelewa kwamba kijana hana mama, au anaye na hajakubali. Wazee wanaweza kuinuka na kuondoka bila kusema neno.

Kaka alikuja jioni moja, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama. Alikuwa ananuka mbuzi na dizeli.

"Mama, tumeongea na tata," akasema. Tata ni dada ya baba yetu, na baba alishafariki zamani. "Yeye atamwaga. Wewe utakaa hapo karibu, watu wakuone."

Mama alitafuta maneno. Siku hizo maneno yake yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi nitamwaga."

"Kile kibuyu ni kizito. Na kikikuponyoka mbele ya wale wazee?"

"Nitamwaga mimi."

Kaka akanigeukia. "Na wewe si useme kitu. Wewe ndiye unakaa naye."

Mimi kuongea kwangu ni kidogo hata siku nzuri. Nilikuwa naangalia mkono wa mama juu ya blanketi. Ulikuwa umelala kiganja juu, kama mtu anayeomba, na yeye mwenyewe hakuwa anajua umekaa hivyo. Kaka aliondoka na hasira.

Wazo nililipata kanisani. Langoni kuna ile ndoo ya kunawa mikono iliyobaki kutoka wakati wa korona, na mtoto alikuwa anachezea bomba lake, anafungua anafunga, mpaka mama yake akamchapa mkono. Nikaona kwamba ndoo haiinuliwi na mtu. Ndoo inakaa na anayetaka maji anafungua tu. Mama hangeweza kuinua kibuyu, lakini kufungua bomba angeweza.

Ndoo peke yake isingefaa. Wazee wa msichana walikuwa wametuma neno mapema kwamba hawataki pombe yao kwenye plastiki kama mafuta ya taa. Na vibuyu vyetu vikubwa, kimoja kilikuwa na ufa na kingine kilipasuka barabarani mwaka mwingine. Kwa hiyo niliamua kutengeneza sanduku la mbao, zuri, lenye mikono ya kubebea pande mbili, na ndani yake nifiche ndoo safi yenye bomba. Kwa nje wangeona mbao na bomba la shaba tu.

Nilitumia mbao za sipresi zilizobaki karakana. Fundi mkuu aliniruhusu kufanya kazi hiyo baada ya saa za kazi. Nilizinusa kwanza, kwa sababu mbao zenye harufu kali zinaingia kwenye pombe hata kama haziigusi. Pembe za sanduku nilizikata meno kwa patasi zishikane zenyewe, bila misumari, ndipo nikatia gundi. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Bomba liko wapi?" akauliza.

"Chini kabisa, mama. Ili itoke yote."

Alitikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha vidole vitatu, akavilaza.

"Juu ya machicha," akasema.

Nikaelewa. Muratina ina machicha, yanashuka yanakaa chini. Bomba likiwa chini kabisa, mgeni wa kwanza ndiye anapewa tope. Nilipandisha tundu vidole vitatu. Halafu akaonyesha juu, kwenye kifuniko, akapuliza shavu moja, lile ambalo bado linamtii. Hiyo ilikuwa juu ya hewa. Muratina iko hai, inapumua, na ukiifungia kabisa itapasua kitu. Nikatoboa tundu dogo kwenye kifuniko na kuliziba kwa pamba.

Mkono wa bomba niliuweka upande wa kushoto wa yule anayemwaga. Nilikuwa nimemwangalia mama kwa makini. Kila kitu alikuwa anakifanya kwa kushoto sasa, kula, kufunga leso, kuchana nywele. Nilikaa kwenye kiti chake nikapima mahali ambapo mkono ule ungefika bila kuinama. Nilifurahishwa na kipimo hicho, kama neno kufurahi linafaa. Niliona kimekaa sawa.

Bomba lilikuwa linatikisika kidogo, nikahitaji washa, kile kipete cha mpira cha kukazia, na skrubu fupi. Nikalifunga sanduku kwenye baiskeli nikaenda mjini, kwa mzee mmoja wa Kiborana mwenye duka la vyuma. Ni mtu wa swala zote. Kwake hata sisi Wakristo tunaingia na salaam aleikum, ni heshima.

"Wa aleikum salaam," akajibu. Akaliangalia sanduku. "Hii ni sanduku ya nini?"

"Ya bomba."

"Bomba naona. Ndani itakaa nini?"

Niliangalia viatu vyangu. "Asali," nikasema.

"Asali." Alilizungusha sanduku kwenye kaunta. "Asali na maji?"

"Na maji."

"Halafu inakaa karibu na moto, inapata joto."

"Inakaa."

Alicheka kwa pua. "Sawa. Mimi hiyo kitu sijui na sitaki kuijua. Mimi nauza skrubu." Akainama kutafuta kwenye kopo. Akiwa ameinama hivyo akasema, "Lakini mbona mkono wa bomba uko huku? Wewe ni wa kushoto?"

"Ni ya mama. Mkono wake wa kulia umelala."

Akainuka. Hakuwa anacheka tena. "Pole, kijana. Mungu amponye." Alipanga skrubu juu ya kaunta. "Na yeye atampa nani?"

"Wazee. Ni mambo ya posa."

"Kwa kushoto," akasema. Hakuwa anauliza.

Nilisimama pale. Nilisikia masikio yangu yakipata joto, hicho ndicho kitu pekee nilichosikia. Nilikuwa nimemwangalia mama akitumia mkono ule mpaka nikasahau kwamba mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Huku Isiolo tunabishana mambo mengi, malisho, maji, nani alifika kwanza. Lakini nenda kwa Mmeru, nenda kwa Mborana, kwa Msomali, kwa Mturkana, hakuna mzee atakayekinga kikombe kwa kitu kinachotoka kushoto. Ni matusi. Na mimi nilikuwa nimemjengea mama yangu chombo cha kumtukania baba ya msichana, kwa mbao zilizopigwa msasa vizuri.

"Hicho kinywaji sijui," mzee akasema tena. "Lakini mkono najua. Baba yangu alipougua hivyo, hakuna siku alisalimia mtu na huu." Akainua mkono wake wa kushoto. Halafu akautumia huo kuushika mkono wa kulia kwenye kiwiko, akauinua kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akanipa. "Alikuwa anaubeba hivi. Anakupa."

Niliushika. Tukasalimiana hivyo juu ya kaunta, yeye akiwa mzima kabisa. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Nyinyi mnafunga nikaha ama mnauza misumari? Mimi nina haraka."

Nililirudisha sanduku karakana. Nilitoa bomba, nikaziba lile tundu la kushoto kwa kipande cha mbao na gundi. Kiraka hicho kinaonekana mpaka leo, mbao yake ina rangi tofauti kidogo. Halafu nilikaa nikafikiria. Mkono wa mama hauna nguvu ya kuzungusha wala kubonyeza. Kitu pekee ulicho nacho ni uzito.

Nilienda nyumbani kuupima uzito huo. Mama alikuwa amekaa. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba ruhusa, nikauinua mkono wake kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa sijaushika tangu hospitali. Wauguzi waliushika, tata aliupaka mafuta, mimi hapana. Nilidhani utakuwa baridi. Ulikuwa na joto la kawaida, na ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Mama aliniangalia.

"Umekonda," akasema.

Nikarudi kazini. Nilitafuta bomba la aina ile ambayo mkono wake wa kufungulia ukikaa pembeni limefungwa, ukishuka chini limefunguka. Mkono wake wa chuma ni mfupi, kwa hiyo niliunganisha juu yake kipande kirefu cha mbao, kikatokeza upande wa kulia. Kwenye kipande hicho nilichonga mfereji wa kulaza mkono, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini kama kijiko cha mti. Halafu nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikafunga upande mmoja kwenye kile kipande na mwingine juu ya sanduku. Ukilaza mkono, uzito unakishusha, bomba linafunguka. Ukiutoa, mpira unakivuta juu, bomba linafungwa.

Tulijaribu na maji. Mama aliubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza kwenye mfereji. Kipande kikashuka. Maji yakatoka. Yakaendelea kutoka, kikombe nilichokuwa nimekinga kikajaa, yakamwagikia magoti yangu.

"Mama, toa."

"Imefunguka?" akauliza. Alikuwa ananiangalia usoni.

Hapo niliona kasoro iliyobaki. Mkono haumwambii kitu. Lazima aangalie. Tulirudia mara nyingi, akajifunza kuangalia kikombe badala ya kuangalia mtu. Lakini ni mama aliyezoea maisha yake yote kumwangalia mgeni usoni anapompa kinywaji.

Kaka alileta asali kutoka Oldonyiro, nyeusi, ina moshi na miguu ya nyuki ndani. Tuliipika pamoja mimi na mama, yaani mama alisema na mimi nikafanya. Niliisugua asali kwenye maji kwa mikono, nikatia vipande vya lile tunda kutoka kwenye kile kiroba chake cha zamani, nikaiweka karibu na jiko. Alikuwa anaweka sikio kwenye chombo kusikiliza. Ilipokuwa tayari, alionja kwa ncha ya kidole akasema tu, "Eeh."

Siku yenyewe tulipanda na lori. Kaka aliliosha lakini mbuzi hawaoshiki wakaisha. Mama alikaa mbele na tata, mimi nilikaa nyuma nikiwa nimelikumbatia sanduku. Kwenye matuta nilisikia pombe ikipumua kwenye pamba. Baridi ilianza. Nilijaribu kufikiria kitakachotokea na sikuweza, niliona tu mbao.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wazee walikaa upande mmoja kwenye makochi yenye vitambaa. Tuliweka sanduku juu ya meza ndogo na mama kwenye kiti nyuma yake. Wengine walitoka nyuma kuja kuliangalia. Tata alikuwa amesimama karibu sana, mikono imekunjwa mbele, tayari. Kaka alikuwa amemwambia asimame hapo, ikibidi amwage yeye.

Baba ya msichana ni mtu mrefu mwenye koti la kijivu. Akachukua pembe akaja mbele ya sanduku. Akaliangalia bomba, akaangalia kile kipande cha mbao kirefu. Akakinga pembe kwa mkono wa kulia.

Mama aliubeba mkono wake. Aliulaza kwenye mfereji taratibu, kama anamlaza mtoto ambaye hataki aamke. Muratina ikatoka, ya rangi ya dhahabu, haina machicha. Na mama akainua macho akamwangalia mzee usoni.

Pembe ikajaa. Niliona ikijaa. Ikafika mdomoni, ikafurika, ikapita kwenye vidole vya mzee, ikaingia kwenye mkono wa koti. Tata alisogea. Kaka alimshika tata. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na sikusogea. Mzee hakuiondoa pembe. Alisimama vile vile akilowa.

"Mama," akasema kwa upole, "pembe ni hii moja tu."

Watu walicheka. Mama akaangalia chini, akautoa mkono. Mpira ukavuta, bomba likafungwa.

Mzee mmoja kwenye kochi, kaka ya baba ya msichana, alikuwa hajacheka. "Mimi nauliza," akasema. "Hiyo imemwagwa na nani? Maana mimi nimeona mbao ikimwaga. Sijaona mama."

Hilo ndilo nililokuwa naogopa, na lilipokuja halikunifanya kitu. Nilimwangalia kaka yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Baba ya msichana alikunywa kwanza. Akafuta mdomo. Halafu akainua mkono wake kuwaonyesha wote, koti likiwa limelowa mpaka kiwiko, na muratina ikidondoka kwenye simenti.

"Sanduku haliwezi kumlowesha mtu hivi," akasema. "Chombo kinatoa kwa kipimo. Huyu ni mama anatoa mtoto wake. Na ametoa kwa kulia, mmeona wote."

Yule mzee mwingine alinung'unika. "Basi aniloweshe na mimi, si nimekaa hapa na kiu," akasema, na pembe ikaanza kuzunguka.

Mambo mengine ya siku hiyo ni ya kaka yangu, si yangu kuyaeleza. Walikubaliana. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo. Wanawake walipita wakaniambia kazi nzuri, fundi. Niliwaambia asante. Niliona kwamba sipati furaha na sipati huzuni, na kwamba mikono yangu ilikuwa inanuka asali.

Wakati wa kurudi mama aliomba kukaa nyuma na mimi. Kaka alikataa, halafu akakubali. Tulimwekea godoro. Sanduku lilikuwa tupu na jepesi, liligongagonga.

"Ilimwagika?" akaniuliza.

"Kidogo. Kwenye koti ya mzee."

"Mimi sikusikia kitu," akasema.

Aliubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya goti langu, akauacha hapo. Ulikuwa na uzito ule ule. Nilikaa bila kusogea mpaka mjini, mguu ukafa ganzi.

Bibi harusi ataletwa kwetu baada ya mvua, na siku hiyo wazee watakuja hapa Burat. Mama ameshasema atamwaga tena. Ukanda wa tyubu umeanza kulegea, huo nitabadilisha. Shida yangu ni ile nyingine. Nataka bomba limjulishe kwamba limefunguka, au lijifunge pembe inapojaa, ili aweze kumwangalia mgeni usoni kama alivyozoea. Nimefikiria kengele ndogo, lakini naona kama itakuwa ya mbuzi. Wewe unayesoma, kama umewahi kutengeneza kitu cha mtu ambaye mkono wake haumwambii kitu, au unaye mtu kama huyo nyumbani na mmepata njia yenu, niandikie. Tuma kwa njia ile ile iliyokufikishia maneno haya. Hata ukiandika vibaya nitasoma. Nasoma polepole, lakini huwa namaliza.